Isale Mapokezini

Mashuka yakiwa kwenye kamba, bado mabichi na upepo wa asubuhi unayapiga, mpaka leo mimi hushusha pumzi. Wasichana ninaowafundisha kazi huniona nimesimama pale nyuma ya hoteli, katikati ya kamba, wakadhani nakagua weupe. Sikagui chochote. Nakumbuka asubuhi moja niliyosimama hapo hapo nikiwa na hakika kwamba kazi imeshaniponyoka. Miaka mingi imepita tangu siku hiyo, na ile ahueni bado ninayo mwilini.

Kazi hii niliianza kwa ubishi. Kwetu ni Old Moshi, huko juu ambako karibu kila ukoo una mwalimu wake wa kujivunia. Wa kwetu ulikuwa na shangazi, na baba alishaamua kitambo kwamba baada ya shangazi ni mimi. Baba ni mzee wa kanisa. Hajawahi kulewa maisha yake yote, na mahali panapouzwa pombe hupapita haraka hata kama ananyeshewa na mvua. Kwa maoni yake, hoteli ni baa iliyovalishwa tai.

Siku niliyomwambia kwamba nimepata nafasi katika hoteli ya wapanda mlima mjini Moshi, alikuwa kihambani, shamba letu la nyumbani, anapogoa kahawa. Hakugeuka. Nikawa naongea na mgongo wake.

"Kwa hiyo utavaa sketi uwapelekee watu bia," akasema.

"Nitatandika vitanda, baba. Na kuhudumia chakula."

"Na bia."

"Na bia, wakiagiza."

Sikuweza kumdanganya, na hasira zangu ziko karibu, nilizirithi kwake. Mama alikuwa pembeni, kwenye migomba, anakata majani ya ng'ombe. Aliendelea kukata majani ambayo tayari alikuwa ameyakata, ilimradi asiitwe kuamua. Baba alimaliza mti mmoja, akahamia wa pili, ndipo akauliza kama wananichukua moja kwa moja au kwa majaribio. Nikamwambia kwa majaribio, hadi masika yaishe.

"Basi sikiliza. Wakikuajiri, nitanyamaza. Wakikurudisha, unakwenda chuo cha ualimu, na neno hoteli lisitajwe tena ndani ya nyumba hii."

Nikakubali. Ningefanya nini? Baba akishasema neno harudii, wala hapunguzi. Nilishuka mjini na begi langu nikijua mambo mawili: kwamba nina mpaka mwisho wa masika, na kwamba kule juu kuna mtu ameketi anasubiri nirudishwe. La pili nililijua kwa hakika kabisa, kama mtu anavyojua jina lake.

Nilipanga chumba Majengo, kwenye nyumba iliyopakana na fundi cherehani na iliyo karibu na msikiti. Mtoto wa Kilutheri niliyezoea kengele, nikawa naamshwa na adhana, na nakiri ilinifaa, kwa sababu simu yangu haikuwa na bidii kama mwadhini. Jua likitoka nilikuwa tayari hotelini, sare imepigwa pasi, nywele zimebanwa.

Hoteli yenyewe haikuwa ya kutisha. Ghorofa mbili, bustani, na kibwawa ambacho wageni waliotoka mlimani walitumbukiza miguu tu, maana nguvu ya kuogelea hawakubaki nayo. Meneja alikuwa mama wa Tanga, mfupi, mwepesi, mwenye Kiswahili cha kupendeza masikioni lakini anayekitumia kwa uchache. Angekuonyesha jambo mara moja, akaondoka. Ukikosea anakuonyesha tena, anaondoka. Hakuwa na tabia ya kueleza, na hiyo ndiyo iliyokuja kunitesa.

Kwake nilijifunza kukunja pembe za shuka zikakaa kama bahasha. Nilijifunza kubeba sinia kwa kiganja na si kwa vidole, kugonga mlango na kusubiri kweli, siyo kugonga huku nimeshaingia kama tunavyofanya nyumbani. Nilijifunza kumwekea mgeni kikombe mkono wake wa kulia, kishikio kikimwelekea, kisha kurudi nyuma mikono ikiwa mgongoni. Mambo madogo yasiyo na maana kwa mtu mwingine. Kwangu yalikuwa matamu, sijui kwa nini.

Wageni walikuwa wanarudi kutoka mlimani midomo imepasuka, vumbi jeusi limewajaa hadi kwenye nyusi, wanatembea kama wazee wa tisini. Mlima huo huo mimi nimeuona maisha yangu yote nikikamua ng'ombe, na sijawahi hata mara moja kupata wazo la kuupanda. Walikuwa wananichekesha. Lakini siku moja mama mmoja wa Kizungu aliingia chumbani nikiwa ndiyo namaliza kutandika, akaligusa shuka kwa kiganja, akakaa ukingoni mwa kitanda, akalia. Hakulia kwa huzuni. Alikuwa amechoka, na hapo palikuwa pa kulala. Nilitoka nikafunga mlango taratibu, nimefurahi kiasi cha kuona aibu. Niliipenda kazi ile. Nilitaka kubaki, na kila siku iliyopita nilizidi kutaka.

Hapa lazima nieleze jambo la nyumbani, la sivyo yaliyofuata hayataeleweka.

Kwetu kinywaji hakimfikii mgeni kabla mwenyeji hajakionja. Bibi yangu alikuwa anatengeneza mbege ya shughuli za ukoo, pombe ya ndizi na ulezi, na nilipokua kidogo mimi ndiye niliyezunguka na kata ya kibuyu. Unapofika kwa mgeni unapiga funda moja mbele yake, akuone unameza, ndipo unamkabidhi. Maana yake inajulikana: hiki hakina sumu, na mimi niliyekileta nakinywa pia. Kumpa mtu kata ambayo hujaionja ni kumtukana. Funda hilo halikuhesabiwa kuwa ni kunywa, hata baba aliliruhusu. Yeye mwenyewe hanywi mbege, lakini chai yake aliifuatishia desturi hiyo hiyo. Mama akimmiminia, anaonja kwanza. Asipoonja, baba anakaa anakitazama kikombe, mikono magotini, haombi, hasemi, mpaka mama acheke na kuonja.

Hotelini sikuwahi kuonja kitu cha mgeni. Bia ilikuja kwenye chupa, kahawa ilikuja kwenye birika, na mkono wangu ulielewa kwamba pale si nyumbani.

Masika yalipokaribia kuisha, kundi moja la wageni liliteremka mlimani asubuhi. Wote walikuwa wamefika kileleni na wote walitaka kusherehekea. Mpishi wetu, mwanamume wa Kibosho mwenye maneno mengi kuliko sufuria zake, alimshawishi meneja tuwaandalie chakula cha mchana cha Kichagga: mtori, machalari, na mbege kidogo kwa anayependa. Mimi nikafungwa khanga juu ya sare nikapewa kazi ya kuzungusha mbege. "Huyu ni wa Old Moshi," mpishi akamwambia meneja. "Kata anaijua huyu."

Niliijua mno. Mgeni wa kwanza alikuwa mzee mrefu mwenye pua iliyobabuka kwa jua. Kata ikiwa imejaa kiganjani, harufu ya ulezi ikapanda puani, na mkono wangu ukarudi kwa bibi bila kuniaga. Nikasimama mbele ya mzee yule, nikainama kidogo kwa heshima, nikainua kata, nikapiga funda moja zuri, nikameza akiniona. Nikafuta ukingo kwa kidole gumba. Nikamkabidhi kwa mikono miwili.

Akaitazama kata. Akanitazama mimi. Mwanamke mmoja pale mezani akacheka, na ndipo nilipojua niko wapi. Nilipoinua macho nilimwona meneja amesimama kwenye mlango wa mgahawa.

Alikuja bila haraka. Akamwomba radhi mgeni, akaichukua kata, akarudi na nyingine aliyoijaza mwenyewe. Kwangu hakusema neno. Hata jicho kali hakunipa. Ningeshukuru kama angenifokea, kwa sababu anayefokewa walau anajua amefika wapi. Mimi nilimaliza zamu nikiwa sijui.

Kesho yake asubuhi alinikuta kwenye korido. "Leo nenda kwenye kufua," akaniambia. "Mgahawani utapumzika kwanza." Akaondoka.

Neno hilo la kupumzika nililizungusha kichwani mpaka likapoteza maana. Nilikwenda jikoni kumuuliza mpishi anavyoona, kosa kubwa, maana mpishi wetu alikuwa mtu wa kusaidia.

"Dada, sitaki kukutisha," akasema, akiendelea kumenya ndizi. "Ila yule binti aliyekuwepo kabla yako, naye walimpeleka kufua kwanza."

"Kisha?"

"Kisha akaenda kwao."

Basi nikafua. Mashine ilikuwapo ya taulo na mashuka, lakini nguo za wapanda mlima zilifuliwa kwa mkono, na maji yake ya kwanza hutoka meusi kama uji wa mkaa. Nilizifua kwa hasira. Nilimkasirikia meneja kwa kimya chake, mpishi kwa mdomo wake, bibi yangu marehemu kwa kunifundisha vizuri mno, na baba zaidi ya wote, kwa sababu alikuwa anaelekea kushinda. Nikasema kama ni kuondoka nitaondoka, lakini wataondokewa na mtu aliyewaachia mashuka meupe kuliko walivyowahi kuyaona. Jioni nikirudi Majengo vidole vimekunjamana, hasira inaisha, inabaki hofu peke yake. Nilijiona nimekaa darasani nasahihisha madaftari. Hakuna ubaya katika kazi hiyo, shangazi yangu aliifanya kwa heshima zote. Ila sikuitaka.

Habari za mjini hupanda Old Moshi kwa njia ya ndizi. Mpishi alikuwa akinunua ndizi zake sokoni Kiboriloni kwa mama mdogo, yaani mdogo wake mama yangu, ambaye ana meza pale. Mpishi akamsimulia mama mdogo, mama mdogo akamsimulia kila aliyenunua mkungu, na habari ilipofika juu kwetu, tayari nilikuwa nimekaa meza moja na Wazungu, tunabadilishana kata. Mama akanipigia simu.

"Mwanangu, ni kweli unakunywa mbege kazini?"

"Nilionja, mama. Nilionja kabla ya kumpa mgeni."

"Kata uliifuta?"

"Niliifuta."

"Sasa kosa ni nini?"

Nilijaribu kumweleza. Nikamwambia hotelini mgeni hatakiwi kuona mdomo wa mhudumu kwenye chombo chake, ni suala la usafi, ni suala la magonjwa, na wala wao hawaogopi sumu. Mama alisikiliza yote. Mwisho akasema hao wageni ni watu wa kuamini sana. Nikamuuliza kama baba amesikia.

"Amesikia."

"Amesemaje?"

"Hajasema kitu. Amekula, ameenda kihambani."

Kimya cha baba nilikifahamu. Hakikuwa na uhusiano wowote na amani. Usiku huo sikulala vizuri, na asubuhi nikiwa naanika mashuka simu ikalia tena.

"Baba yako ameteremka," mama akasema. Alikuwa ananong'ona ingawa hapakuwa na wa kumsikia. "Amevaa koti la kanisani. Amepanda bodaboda."

Baba hajawahi kupanda bodaboda. Alikuwa na hotuba nzima juu ya bodaboda. "Anakwenda wapi?"

"Hakusema. Alipita kule mpakani mwa kihamba kwanza, halafu akaenda barabarani."

Hilo la mpakani sikulitilia maanani. Nililoelewa ni kwamba baba hakutaka hata kusubiri hoteli inirudishe. Alikuwa anakuja kunichukua mwenyewe. Nilisimama kati ya mashuka nikiwa na kibanio mdomoni, nikapanga maneno ya kumwambia. Nilikuwa na maneno mengi. Nilipanga kumwambia kwamba masika hayajaisha bado, kwamba makubaliano ni makubaliano, kwamba yeye anayesimama mbele ya usharika kila Jumapili hawezi kuvunja neno lake. Nilikuwa nimefika hapo niliposikia pikipiki getini.

Nilimwona kupitia nafasi kati ya shuka na shuka. Koti limefungwa vifungo vyote hadi shingoni, vumbi hadi magotini, mkono mmoja ndani ya koti kama mtu anayeumwa kifua. Mlinzi alimpigia saluti, sijui kwa nini, labda ni koti. Akaingia ndani. Na yale maneno yangu mengi yote yakanikimbia.

Haukupita muda mlinzi akaja kuniita. Meneja ananitaka mapokezini.

Baba alikuwa ameketi kwenye ukingo wa kochi, ameipa baa mgongo. Wageni wawili walipita wamevaa kaptura, naye akainua macho darini mpaka walipokwisha kupita. Meneja alishamwamkia, naye alishaitikia marahaba. Nikamwamkia. Akaitikia bila kunitazama, akasimama, akaanza kuzungumza na meneja kwa sauti anayoitumia kwenye vikao vya wazee.

"Mama, mimi ndimi baba wa huyu. Nimesikia amekosea mbele ya wageni wako. Kwetu mtoto akikosea kwa watu haendi kuomba radhi peke yake. Mkubwa wake ndiye anayekwenda. Kwa hiyo nimekuja."

Akautoa mkono ndani ya koti. Alikuwa ameshika isale.

Nililijua isale kabla sijajua kusoma. Ni jani refu la kijani, la ule mmea unaooteshwa kwenye mipaka ya vihamba ili kila mtu ajue chake kinaishia wapi. Lakini jani hilo likikatwa na kufungwa fundo, kisha mtu akakuletea mkononi, ni maombi ya msamaha, na aliyeletewa hana njia ya kukataa. Watu waliotiana mapanga wamepatanishwa kwa jani hilo. Nilikuwa nimeona wazee wakilipeleka kwa wazee wenzao. Sikuwahi kuona baba akimpelekea mtu. Baba huomba kwa Mungu tu, na hata huko nadhani humkumbusha zaidi ya kumwomba.

Alikuwa amepita mpakani kulikata. Alikuwa amepanda bodaboda nalo kifuani ili lisipeperuke. Na alikuwa amelifunga fundo vizuri, kwa kulikaza, kama mtu anayetaka jambo lake likubaliwe. Nilitazama fundo lile nikaelewa kwamba hakuja kunichukua. Alikuja kuniombea nibaki.

Meneja alilipokea jani kwa mikono miwili. "Ahsante sana mzee," akasema. "Zuri." Akatazama huku na huku akitafuta pa kuliweka, akaiona glasi ya maua pale juu ya kaunta, akalichomeka katikati ya mawaridi.

Hilo baba hakuwa amelitarajia. Akanigeukia, kwa mara ya kwanza tangu niingie, akaniuliza kwa Kichagga, "Amekubali au hajakubali?"

"Amelipokea," nikamjibu. "Ila hajui ni nini."

"Mwambie."

Hivyo nikajikuta nimesimama mapokezini na aproni yangu iliyolowa, namweleza bosi wangu kwamba baba yangu ameleta ombi la mimi kusamehewa, kwamba ombi lenyewe ni lile jani alilolitia kwenye maji, na kwamba kwa desturi zetu, akishalipokea, amesamehe, hawezi kurudi nyuma. Meneja alinisikiliza mpaka mwisho kwa utaratibu wake ule ule.

"Kusamehe nini?" akauliza.

Nikamwambia kuhusu kata. Nikamwambia kuhusu wageni. Nikamwambia amenitoa mgahawani akanipeleka kufua.

"Mwanangu, mama anayefua kafiwa, yuko msibani Singida. Nilitaka mtu wa kushika nafasi yake mpaka arudi, na wewe ndiye unayefua vizuri. Sikukwambia?"

"Hukuniambia, mama."

Akafikiri. "Basi nilisahau." Akamgeukia baba. "Mzee, sijamfukuza binti yako. Ningemfukuza ningemwambia. Masika yakiisha anasaini mkataba kama wenzake."

"Na yule binti wa kabla yangu?" nikauliza, kwa sababu sikuweza kujizuia. "Aliyeanza kufua akaenda kwao?"

"Aliolewa," meneja akasema. "Tulikula pilau. Hata mpishi alikuwepo."

Sijui nieleze vipi kilichonitokea. Nilishika kaunta. Nilitaka kucheka, nilitaka kulia, nilitaka kwenda jikoni nimkabe mpishi, na yote hayo yalikuwa mepesi, kama mtu aliyetua mtungi kichwani na shingo bado haijaamini. Nilikuwa nimebeba kitu ambacho hakikuwepo. Kuanzia mwanzo hakikuwepo.

Baba naye alikuwa anapumua upya, niliona vifungo vya koti vikishuka. "Kwa hiyo nimelileta bure," akasema, akilitazama isale lake kati ya mawaridi.

"Utaondoka nalo, mzee?" meneja akauliza kwa upole.

"Hapana, mama. Isale halirudishwi."

Lilibaki. Lilitoa mizizi ndani ya ile glasi, na mawaridi yakiwa yamebadilishwa mara nyingi lenyewe lilikuwa bado bichi, mpaka mtunza bustani alipolihamishia getini. Sasa ni kichaka kizima pembeni ya njia, kirefu kuliko mimi. Mkataba nilisaini masika yalipoisha. Nilirudi mgahawani, baadaye nikapelekwa mapokezi, na leo vyumba vyote viko chini yangu. Baba alitimiza neno lake, alinyamaza. Neno ualimu sijalisikia tena. Kuhusu kuonja, meneja alisema wazi siku ile kwamba mgeni wake hatapewa chombo kilichopita mdomo wa mtu, na hilo halibadiliki. Baba akapendekeza mwenye kuzungusha mbege awe na kata yake ndogo aonjee humo. Meneja akaona sawa, na ndivyo tunavyofanya mpaka leo.

Lakini nimeruka mbele. Siku ile, kabla ya hayo yote, meneja alisema mzee hawezi kurudi Old Moshi bila chai, na mimi ndiye niilete.

Nilivua aproni iliyolowa, nikanawa mikono, nikapanga sinia. Nikarudi nimelibeba kwa kiganja. Nikaweka kikombe mkono wa kulia wa baba, kishikio kikimwelekea, nikamimina, nikarudi nyuma mikono mgongoni. Nilifanya yote bila kosa, na nilitaka aone.

Baba hakukigusa. Alikitazama kikombe, mikono magotini, mvuke ukipanda.

"Kunywa, mzee, itapoa," meneja akamkaribisha.

Baba akaitikia kwa kichwa. Hakukigusa.

Nilijua anasubiri nini. Nikamtazama meneja. Alimtazama baba, akakitazama kikombe, akanitazama mimi, na nadhani hapo ndipo alipolielewa lile la kata. Aligeukia kaunta akaanza kulipanga upya isale kwenye glasi, ametugeuzia mgongo wake wote.

Nikasogea mbele. Nikainama, nikachukua kikombe cha baba, nikapiga funda moja akiniona. Chai ilikuwa ya moto, na sukari nilikuwa nimesahau kuweka. Nikafuta ukingo kwa kidole gumba, nikamkabidhi kwa mikono miwili.

Akanywa yote. Akakirudisha kikombe kwenye sahani yake, akafuta mdomo, akasimama na kulinyoosha koti.

"Haya," akasema. "Rudi kazini."